Mzee Kenyatta na bunduki: Jinsi siasa za nyumbani zilivyounda jeshi la Kenya

KATIKA juma moja tu la Januari 1964, nchi tatu za Afrika Mashariki zilizokuwa zimejipatia uhuru karibuni zilitikiswa na askari wao wenyewe. Mnamo Januari 20, wanajeshi wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya wenzao wa Jinja, Uganda. Usiku wa Januari 24, moto huo ukafika Kenya, katika kambi ya Lanet iliyo karibu na mji wa Nakuru.

Madai yalikuwa yale yale kote. Mishahara ilikuwa duni, na maafisa waliotoa amri walikuwa bado Waingereza ilhali bendera iliyopepea ilikuwa ya Waafrika. Viongozi wote watatu waliwategemea wanajeshi wa Uingereza kuzima maasi hayo. Lakini baada ya moto kuzimwa, kila mmoja alishika njia yake.

Mwalimu Julius Nyerere alilivunja jeshi lake na kuanza upya. Septemba 1 mwaka huo huo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa, na wengi wa askari wake wa kwanza walitoka katika umoja wa vijana wa chama cha TANU. Milton Obote naye aliwakubalia waasi matakwa yao na kuwapandisha vyeo maafisa Waafrika, miongoni mwao Idi Amin. Wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mnamo Januari 25, 1971, Amin alimpindua.

Hayati Mzee Jomo Kenyatta hakulivunja jeshi wala hakuwabembeleza waasi. Aliwaadhibu, akawaweka Waingereza karibu, kisha kwa miaka 14 iliyosalia ya maisha yake akalichunga jeshi jinsi mfugaji anavyomchunga fahali mkali: alimlisha na kumtumia, lakini hakumpa kisogo hata siku moja.

Wakenya wengi humkumbuka Mzee kwa Kapenguria, kwa mgwisho wake na kwa wito wa Harambee. Ni wachache wanaomtazama kama mtu aliyeunda jeshi. Hata hivyo, ukiyafuatilia maamuzi yake ya ulinzi, moja baada ya jingine, utagundua kwamba swali lililomshughulisha zaidi halikuwa nani atakayetuvamia kutoka nje. Lilikuwa nani anashika bunduki humu ndani, na iwapo anaweza kuaminiwa.

Aliyeikwepa Kariakoo

Mzee Kenyatta alizaliwa eneo la Gatundu mwishoni mwa karne ya 19, akapewa jina Kamau wa Ngengi. Alisoma katika shule ya wamishonari wa Kiskoti huko Thogoto na kubatizwa Johnstone mnamo 1914, mwaka ule ule Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka.

Vita hivyo ndivyo vilivyomkutanisha kwa mara ya kwanza na jeshi la mkoloni. Uingereza ilihitaji wapagazi wa kubeba chakula na risasi za wanajeshi waliopigana na Wajerumani huko Tanganyika. Waafrika walishikwa kwa nguvu vijijini na kutiwa katika kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi bali na maradhi na njaa.

Kijana Kamau aliamua kwamba vita hivyo havikuwa vyake. Alikwenda Narok, akaishi miongoni mwa jamaa zake Wamaasai na kufanya kazi huko mpaka hatari ilipopita.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta Uingereza, alikokuwa amekwenda kupigania haki ya ardhi ya Wakikuyu na alikochapisha kitabu chake Facing Mount Kenya mnamo 1938. Kwa mara nyingine hakuvaa sare. Alifanya kazi ya shambani katika jimbo la Sussex na kutoa mihadhara kuhusu Afrika, huku maelfu ya Wakenya wakipigana Ethiopia na Burma wakiwa katika kikosi cha King's African Rifles, maarufu kwa jina la Keya.

Alirejea nyumbani Septemba 1946, na mwaka uliofuata akawa rais wa chama cha KAU. Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitia saini amri ya hali ya hatari, na Kenyatta akakamatwa. Mnamo Aprili 1953, mahakama ya Kapenguria ilimhukumu kifungo cha miaka saba kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Alikitumikia kifungo hicho kule Lokitaung, kisha akawekwa kizuizini Lodwar na hatimaye Maralal. Aliachiliwa huru Agosti 1961.

Katika miaka hiyo yote, jeshi lililokuwa likiwasaka wapiganaji wa msituni nyumbani kwao lilikuwa la Waingereza wakisaidiwa na askari wa Keya, Waafrika wenzao. Mkoloni alikuwa na mazoea ya kuwaandikisha jeshini watu wa jamii alizodai ni hodari kwa vita, hasa Wakamba na Wakalenjin. Wakikuyu, waliokuwa wachache tangu mwanzo, walifungiwa mlango kabisa wakati wa Mau Mau.

Jeshi la kurithi

Kwa hivyo, Kenyatta alipokuwa Waziri Mkuu mnamo Juni 1, 1963, alirithi jeshi ambalo lilikuwa limewapiga watu waliomwona yeye kuwa shujaa wao. Maafisa wa vyeo vya juu walikuwa wazungu. Askari wa kawaida walitoka kwa wingi katika jamii ambazo kura zake hazikutegemea sana, na kati ya hizo Wakalenjin walikuwa katika chama pinzani cha KADU.

Palikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kuwatoa wapiganaji wa Mau Mau msituni na kuwafanya kiini cha jeshi jipya. Baadhi yao walilitarajia hilo, wakajitokeza katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, Desemba 1963, wakisubiri ardhi, heshima na kazi. Au angeweza kulichukua jeshi la mkoloni lilivyo, alibadilishe jina na kulibadilisha sura polepole.

Mzee alichagua njia ya pili. Jeshi lililotokana na Mau Mau lingewatisha walowezi aliotaka wabaki, lingezitia hofu jamii nyingine kwamba uhuru ni mali ya Wakikuyu, na lingekuwa na viongozi wake wenyewe wasiomwogopa. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alipewa wadhifa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, shirika lililoundwa 1964 na kuwapa maelfu ya vijana sare na kazi bila kuwapa mamlaka ya kijeshi. Jenerali Baimungi, aliyekataa kusalimisha silaha mpaka ahadi za ardhi zitimizwe, aliuawa na maafisa wa usalama mnamo Januari 1965 katika eneo la Meru.

Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa kabla ya kuwa wa kijeshi, na machungu yake hayakuisha upesi katika nyumba za waliotoka msituni mikono mitupu.

Usiku wa Lanet

Nchi ilikuwa na umri wa majuma sita wakati kikosi cha 11 cha Kenya Rifles kilipoasi Lanet. Askari walikuwa wakitarajia kusikia kutoka kwa Waziri Mkuu tangazo la nyongeza ya mishahara. Hawakulisikia. Wakavunja ghala la silaha.

Wanajeshi wa mizinga wa Uingereza waliokuwa bado nchini waliitwa na kuizingira kambi. Kufikia siku iliyofuata maasi yalikuwa yamekwisha, na askari mmoja Mwafrika alikuwa ameuawa. Kenyatta alitangaza kwamba hakungekuwa na maafikiano na waasi. Askari 43 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, baadhi wakafungwa, na kikosi hicho cha 11 kikavunjwa.

Hapo ndipo sera ya ulinzi ya Kenya ilipoanza kuchukua umbo lake. Mnamo Juni 1964, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kijeshi. Wanajeshi wa Uingereza wangeondoka kufikia Desemba 12 mwaka huo, lakini wangeruhusiwa kuja kufanya mazoezi, na ndege na meli zao kupita na kutia nanga. Uingereza nayo ingetoa wakufunzi, maafisa na zana. Jeshi la Wanahewa lilianzishwa Juni 1964 na la Wanamaji Desemba, yote mawili yakiwa chini ya makamanda Waingereza ambao walibaki vitini hadi miaka ya 1970 ilipoanza.

Wakosoaji walilalamika kwamba huo haukuwa uhuru kamili. Aliyefungwa na Waingereza kwa karibu miaka tisa ndiye sasa aliyewakabidhi ufunguo wa ghala. Lakini Mzee alikuwa amepiga hesabu yake. Kamanda Mwingereza hakuwa na kabila humu nchini, hakuwa na eneo la ubunge, na hakuwa na binamu katika baraza la mawaziri. Asingeweza kumpindua Rais akakubalika na wananchi. Kwa kiongozi aliyeogopa kikulacho ki nguoni mwako, mgeni alikuwa salama kuliko mwenyeji.

Wakati huo huo, uafrikanishaji wa vyeo uliharakishwa, na milango ikafunguliwa kwa Wakikuyu na jamii nyingine kuingia katika ngazi ya uafisa. Hilo lilifanywa kwa taratibu. Wakamba waliendelea kuwa wengi katika safu za juu, na mnamo 1966 Joseph Ndolo, Mkamba aliyepitia Keya, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la Kenya.

Kando ya jeshi, Mzee aliimarisha GSU, kikosi maalum cha polisi ambacho mkoloni alikuwa amekianzisha. Kilikuwa na silaha nzito kuliko polisi wa kawaida, kiliishi katika kambi zake, na hakikuwa chini ya makamanda wa jeshi. Ikiwa jeshi lingethubutu kuelekea Ikulu, lingekikuta njiani.

Gharama ya Kaskazini

Sehemu ambako sera hii iliuma zaidi ni Kaskazini Mashariki. Tume iliyotumwa na Uingereza mnamo 1962 iligundua kwamba Wasomali walio wengi wa eneo hilo, lililoitwa NFD, walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Matakwa yao hayakukubaliwa, nao wakasusia uchaguzi wa Mei 1963. Mashambulizi ya waliokuja kuitwa shifta yakaanza, na mnamo Desemba 28, 1963, siku 16 tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo.

Ni kweli kwamba palikuwa na adui wa nje. Mogadishu iliwasaidia wapiganaji hao kwa silaha na kwa matangazo ya redio. Kenya ilifanya mkataba wa kusaidiana na Ethiopia, jirani aliyekuwa na mgogoro kama huo na Somalia. Lakini ukali wa Nairobi katika jambo hili hauwezi kueleweka bila kutazama siasa za ndani za wakati huo.

KADU ilikuwa imepigania katiba ya majimbo. Kule Pwani, wafuasi wa Mwambao walikuwa wametaka ukanda uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar usiunganishwe na Kenya, na suala hilo lilikuwa limetatuliwa miezi michache tu kabla ya uhuru. Kama Garissa na Wajir zingeruhusiwa kwenda zao, Kenyatta angewajibu nini wengine wenye madai yao? Kwake, kila hatua ya kurudi nyuma kule kaskazini ingekuwa mfano kwa wengine.

Basi jeshi lile lile ambalo hakuliamini Nairobi lilipewa mamlaka makubwa mbali na Nairobi. Wananchi walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, jinsi mkoloni alivyowakusanya Wakikuyu miaka 10 kabla. Mifugo, iliyokuwa benki na chakula cha wafugaji, ilitaifishwa au ikafa. Vita vilimalizika kwa makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyopatanishwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, baada ya Waziri Mkuu wa Somalia Mohamed Haji Ibrahim Egal kuamua kutafuta suluhu.

Amani hiyo haikurudisha usawa. Sheria iliyopitishwa mnamo 1970 iliwakinga maafisa wa serikali dhidi ya kushtakiwa kwa matendo yao katika vita hivyo, na kanuni za hali ya hatari ziliendelea kutumika katika eneo hilo hadi 1991, miaka 13 baada ya Mzee kufariki. Ni katika mazingira hayo ambapo mauaji ya Wagalla, Wajir, yalitokea Februari 1984 chini ya utawala uliomfuata. Wakazi wa kaskazini ndio waliolipa deni kubwa zaidi la umoja ambao wengine waliufurahia.

Meli ya silaha Mombasa

Mnamo Aprili 1965, meli ya Urusi ya Kisovieti iitwayo Fizik Lebedev ilitia nanga Mombasa ikiwa na silaha nzito kwa ajili ya jeshi la Kenya. Kwa nchi iliyokuwa ikipigana kaskazini, ungedhani ingepokewa kwa vifijo. Kenyatta aliirudisha, akieleza kwamba zana hizo zilikuwa kuukuu na hazikufaa.

Huenda zilikuwa kuukuu kweli. Lakini kila mfuatiliaji wa siasa alijua kwamba mgogoro haukuwa wa vyuma. Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, ndiye aliyekuwa na uhusiano wa karibu na nchi za Mashariki, na alikuwa amewapeleka vijana huko kusoma, wengine wakipata mafunzo ya kijeshi. Kundi la Tom Mboya na wenzake lilikuwa likimwandama ndani ya KANU. Silaha za Kisovieti zingekuja na wakufunzi wa Kisovieti, nao wangekuwa na marafiki wao humu nchini.

Mwezi uliofuata, msafara wa malori yaliyobeba silaha za Kichina ulikamatwa Nyanza Kusini ukielekea Uganda bila ruhusa ya Kenya. Obote alilazimika kuja Nairobi kuomba radhi. Tukio hilo, lililopita katika ngome ya Odinga, liliongeza shaka juu yake, ingawa mzigo ulikuwa wa jirani.

Aprili 1966, Odinga alijiuzulu na kuunda chama cha KPU. Tangu hapo swali la wapi Kenya ingenunua silaha na wapi maafisa wake wangesomea likawa limejibiwa. Siyo wataalamu wa kijeshi walioketi wakalijibu. Lilijibiwa na mapambano ya kumrithi Rais.

Oktoba 1969, Mzee alipokwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, umati ulimpigia kelele na walinzi wakafyatua risasi. Watu kadhaa waliuawa, KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Zingatia kwamba waliofyatua hawakuwa wanajeshi wa kambini. Kazi ya kuwatisha wapinzani ilifanywa na polisi na vikosi vya usalama wa ndani, nalo jeshi likaachwa kando. Wengine huliona hilo kuwa busara, kwa kuwa jeshi halikuonja utamu wa siasa. Kwa familia za waliouawa Kisumu, rangi ya sare haikubadili kitu.

Hofu ya 1971

Mapinduzi ya Amin yalimtia Mzee wasiwasi mkubwa. Miezi michache baadaye, watu kadhaa, miongoni mwao Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso, walifungwa kwa kula njama ya kuipindua serikali. Majina mawili mazito yalitajwa katika kesi hiyo: Meja Jenerali Ndolo, mkuu wa majeshi, na Jaji Mkuu Kitili Mwendwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshtakiwa. Wote wawili waliachia vyeo vyao.

Namna jambo hilo lilivyoshughulikiwa inaonyesha Kenyatta alivyofikiri. Wote wawili walikuwa Wakamba, na Wakamba walikuwa uti wa mgongo wa jeshi. Kuwafikisha kizimbani kungelikasirisha jeshi zima. Kuwaacha madarakani kungeonekana udhaifu. Basi walipumzishwa kimyakimya, na uongozi wa jeshi ukaenda kwa Jackson Mulinge, Mkamba mwingine. Jamii haikuadhibiwa, wala wafuasi wengine wa kisiasa wa Rais hawakupewa kiti walichokuwa wakikimezea mate.

Matokeo ya tahadhari zote hizo ni kwamba Kenya iliendelea kuwa na jeshi dogo. Wakati Somalia na Uganda zilikuwa zikijaza vifaru na ndege kutoka Urusi ya Kisovieti, Nairobi ilielekeza fedha zake zaidi katika shule, barabara na mashamba, ikitegemea kwamba Uingereza ingekuja ikiitwa. Sera hiyo ilifaa uchumi. Ilifaa pia utulivu wa Ikulu.

Mwaka wa 1976 uliipima. Februari, Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda. Julai, makomando wa Israeli waliowaokoa mateka Entebbe walitua Nairobi wakirudi kwao, na Amin akawaka hasira. Upande wa mashariki, Somalia ilikuwa ikijiandaa kwa vita vilivyokuja kulipuka Ogaden mwaka uliofuata. Kenya ikaigeukia Marekani na kuagiza ndege 12 za kivita aina ya F-5.

Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, adui wa nje ndiye aliyeonekana kuongoza uamuzi. Lakini hata hapo siasa za nyumbani zilikuwamo. Mzee alikuwa amezeeka, na mwaka huo huo baadhi ya wanasiasa walikuwa wakizunguka nchini kutaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asichukue madaraka Rais akifariki. Serikali iliyokuwa na nyufa kama hizo isingeweza kuonekana ikibabaika mbele ya Amin.

Urithi wake

Mzee Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 22, 1978. Siku hiyo hiyo Moi aliapishwa, na jeshi halikutoka kambini ila kuandaa mazishi. Jeneza lilivutwa juu ya gari la mizinga hadi viwanja vya Bunge, huku viongozi wa mataifa mbalimbali wakitazama. Katika bara ambako kifo cha rais kilikuwa aghalabu mwaliko wa mapinduzi, lilikuwa jambo la kujivunia.

Hata hivyo, miaka minne baadaye, Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Moi. Waliozima jaribio hilo walikuwa wanajeshi wa nchi kavu chini ya Mulinge, na aliyeongoza kukikomboa kituo cha redio alikuwa Mahmoud Mohamed, Msomali wa Kenya kutoka Kaskazini Mashariki. Mwana wa eneo lililotiliwa shaka tangu 1963 ndiye aliyeinusuru serikali, na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi.

Tukio hilo lapasa kuwafikirisha wanaoamini kwamba usalama wa nchi hulindwa kwa kuhesabu makabila. Katika hesabu za miaka ya 1960, Jeshi la Wanahewa, lililolelewa na Waingereza tangu kuzaliwa, halikuwa tishio. Wasomali ndio waliokuwa tishio. Uzoefu ukapindua hesabu zote mbili.

Katiba iliyoidhinishwa mnamo 2010 ilijaribu kuyaandika kisheria mambo ambayo Kenyatta aliyafanya kwa siri na kwa hila. Inasema kwamba vyombo vya usalama vitakuwa chini ya mamlaka ya kiraia, kwamba uongozi wa jeshi sharti uakisi sura ya makabila na maeneo ya nchi, na kwamba jeshi likitumwa kurejesha utulivu ndani ya nchi, sharti Bunge liidhinishe. Kifungu hicho kilipata mtihani wake Juni 2024, serikali ilipowatuma wanajeshi kusaidia polisi wakati wa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha. Bunge liliidhinisha siku iliyofuata tangazo, na suala hilo likafika mahakamani.

Waingereza nao bado wanafanya mazoezi Laikipia, chini ya makubaliano yaliyozaliwa kutokana na hofu ya Lanet.

Mzee alifaulu katika lile alilolitaka zaidi. Wakenya waliozaliwa baada ya uhuru hawajawahi kuamka wakatawaliwa na mtu mwenye sare, bahati ambayo majirani wengi hawakuwa nayo. Lakini kufaulu kwake kuliwagharimu watu: wapiganaji waliosahauliwa, wafugaji waliopoteza ngamia na jamaa, wapinzani waliokabiliwa na vikosi vilivyoundwa kwa ajili ya kuwakabili. Bajeti ya ulinzi inapojadiliwa Bungeni, au mwanajeshi anapopandishwa cheo, wananchi wana haki ya kuuliza swali ambalo Mzee alijiuliza tangu 1964, na kuliuliza hadharani: bunduki hii inanunuliwa imlinde nani, na dhidi ya nani?